Dafu, kwinini na milango ya moyo

Katika kliniki za figo za mwambao wetu kuna onyo ambalo mgonjwa mpya hulipokea kwa mshangao: acha madafu. Kupunguza chumvi amezoea kuambiwa, na sukari na mafuta vilevile. Lakini dafu? Kinywaji anachopewa mgonjwa wa homa na mgeni aliyetoka juani kimeingiaje katika orodha ya vitu vya kuogopwa? Muuguzi hujibu kwamba dafu lina potasiamu nyingi na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Jibu ni la kweli. Maji ya dafu yana potasiamu takriban mara kumi ya ile iliyomo katika maji ya damu ya ujazo uleule. Ila jibu hilo linaliacha fumbo palepale lilipokuwa, kwa sababu potasiamu si mgeni mwilini. Ndani ya kila seli ya msuli wa moyo imejaa tele, kupita hata ilivyo ndani ya dafu. Iweje kitu ambacho moyo umekihifadhi kwa wingi namna hiyo kiusimamishe kikizidi kidogo tu upande wa nje?

Ukilifuata swali hilo hadi chini kabisa unafika kwenye utando wa seli, penye protini ndogo zinazofunguka na kujifunga kwa amri ya umeme. Ukishafika hapo unakuta swali la pili lililo zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kwa nini dawa ileile, kwa kipimo kilekile, huwapita watu elfu wakiwa salama ikamwangusha mmoja? Naamini jibu liko katika kitu kinachostahili kuitwa akiba ya moyo, na kwamba hospitalini kwetu akiba hiyo haihesabiwi inavyostahili.

Seli ya msuli wa moyo imefunikwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita nne au tano. Ioni, yaani chembe ya chumvi iliyoyeyuka majini na kubeba chaji ya umeme, haipenyi mafuta hayo. Hupita tu pale ambapo protini imejichomeka katika utando na kuacha tundu katikati yake. Protini hizo ndizo mifereji ya ioni. Kandokando yake zipo pampu, ambazo kazi yake ni tofauti kabisa: mfereji huiachia ioni iteremke kama maji ya mlimani, pampu huipandisha kilima kwa kula nishati. Jens Skou wa Denmark aliitambua pampu iliyo kuu kuliko zote mwaka 1957, akitumia neva za miguu ya kaa, na mwaka 1997 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kila mzunguko pampu hiyo hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Kwa sababu haipumziki, potasiamu ndani ya seli hukaa kwenye milimoli 140 hivi kwa lita huku nje ikiwa 4 tu. Sodiamu imepangwa kinyume chake, nyingi nje na chache ndani. Kalsiamu iliyo huru nje ya seli ni mara elfu kumi ya ile ya ndani.

Pampu hiyo ilijulikana Afrika Mashariki kwa matokeo yake muda mrefu kabla Skou hajazaliwa. Wakamba na Wagiriama, kama wawindaji wengine wengi wa nyika hizi, walichemsha magome na mizizi ya mti ambao Waswahili wengine huuita msunguti, wakapaka uji wake mzito kwenye mishale. Mnyama mkubwa aliyechomwa hakwenda mbali. Kilichomuua ni kemikali iitwayo ouabaini, jina lililotoka katika Kisomali kupitia kwa Wafaransa walioitenga kutoka kwenye mti huo mwaka 1888. Kusini zaidi, katika msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza 1858, daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alihifadhi sumu ya mishale ya aina ya kombe pamoja na vitu vyake vya safari. Mswaki wake ukagusana nayo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu kinywani, akapima mapigo yake na kuyakuta yamepungua. Hivyo ndivyo sumu ya wawindaji ilivyofika maabara ya Thomas Fraser huko Edinburgh, na kutoka hapo ikaingia katika matibabu. Sumu hizo mbili, pamoja na digoksini ambayo bado wagonjwa wa moyo huandikiwa, huikaba pampu ya Skou. Pampu ikilegea, sodiamu hujazana ndani, kalsiamu hukosa njia ya kutoka, na msuli hujikaza kwa nguvu zaidi. Kipimo kidogo humsaidia aliyechoka moyo. Kikizidi kidogo tu, mapigo huvurugika. Yupo hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu ya rangi nyeusi na nyeupe, anayetafuna magome ya mti huo na kujipaka mate yake kwenye manyoya maalumu ya ubavuni ili mbwa atakayemng'ata ajutie. Utafiti wa jambo hilo ulitangazwa mwaka 2011 na kundi lililoongozwa na Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora.

Turudi kwenye mifereji. Jambo lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi ni jinsi mfereji wa potasiamu unavyoweza kuikataa sodiamu. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu. Tundu linalopitisha kubwa na kuzuia ndogo ni kama chekeche linaloachia mchele na kushika unga. Hata hivyo mfereji huu hukosea mara moja hivi katika kila ioni elfu kumi, na hufanya hivyo ukipitisha ioni karibu milioni mia moja kwa sekunde. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake walichapisha umbo la mfereji wa namna hiyo kutoka kwa bakteria, na siri ikawa wazi. Ioni ikiwa majini huzungukwa na molekuli za maji zinazoigusa kila upande. Ili ipite katika sehemu nyembamba ya mfereji ni lazima ivue maji hayo, na kuyavua kuna gharama. Ukuta wa mfereji umepangwa atomi za oksijeni katika nafasi zinazoiga maji yenyewe, zikaikumbatia potasiamu barabara hata ikawa kama haijavua kitu. Sodiamu kwa udogo wake haizifikii oksijeni zote, kwa hiyo hubaki na maji yake na kushindwa kuingia. Kila ninaposoma maelezo haya naona kuwa hakuna sonara wa dhahabu aliyewahi kupima kwa uangalifu wa kiasi hiki.

Seli ikipumzika, mifereji iliyo wazi kwa wingi ni ya potasiamu. Potasiamu huvuja kidogo kwenda nje, ikiacha ndani ukosefu wa chaji chanya, mpaka umeme wenyewe unapoirudisha nyuma na msukumo wa pande mbili ukalingana. Hapo ndani huwa hasi kwa milivolti 90 hivi. Betri ya saa ya ukutani ina milivolti 1,500, kwa hiyo mtu anaweza kudharau. Lakini milivolti hizo 90 zimebanwa katika unene wa nanomita chache. Ukiutandaza mkazo huo katika mita moja unapata volti zipatazo milioni ishirini. Protini zilizochomekwa humo zinaishi ndani ya mkazo huo, na baadhi yake zina sehemu zenye chaji zinazosogea mkazo unapobadilika. Ndiyo namna mlango unavyojua wakati wa kufunguka.

Pigo moja la ventrikali, chumba cha chini cha moyo, huanza wakati umeme kutoka seli jirani unapoifikia seli hii na kuisukuma kidogo kuelekea sifuri. Mifereji ya sodiamu hufunguka kwa chini ya milisekunde moja. Sodiamu hufurika ndani, na umeme wa seli hupaa kutoka hasi 90 hadi kuvuka sifuri. Papo hapo sehemu nyingine ya protini ileile huziba tundu kwa ndani kama kizibo, na haitaachia mpaka utando utakaporudi kuwa hasi kabisa. Msomaji akikumbuka kizibo hiki atakuwa ameshika nusu ya habari yote.

Maana fumbo la dafu linafumbuliwa hapa. Potasiamu ya nje ikipanda kutoka 4 hadi 8, hamu ya potasiamu ya ndani kutoka nje hupungua, na kiwango cha kulingana hushuka kwa hesabu kutoka milivolti 95 hadi karibu 76. Seli haipumziki tena ikiwa hasi vya kutosha. Vizibo vya mifereji ya sodiamu haviachii, mingi inabaki imezibwa, na wimbi la umeme lililopaswa kukimbia katika moyo mzima linatambaa. Kwenye karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, wimbi la T huchongoka kama hema, kisha mistari ya ventrikali hutanuka, na moyo usipowahiwa husimama ukiwa umelegea. Wapasuaji wa moyo hulitumia jambo hili kwa makusudi: humimina maji yenye potasiamu nyingi katika mishipa ya moyo ili utulie wakishona, kisha huyaosha ukaanza kupiga tena. Na ndiyo sababu potasiamu kloridi wodini haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa. Huchanganywa katika dripu na kupewa polepole, huku mtu akiangalia.

Baada ya sodiamu huja kalsiamu, na hapa moyo unaachana na neva. Wimbi la neva huisha katika milisekunde moja au mbili. La ventrikali hudumu milisekunde 200 hadi 300, likiwa limeshikiliwa juu na mifereji ya kalsiamu inayofunguka taratibu na kukaa wazi. Kalsiamu inayoingia ni kidogo, lakini inagonga milango ya ghala lililo ndani ya seli, na ghala hilo humwaga kalsiamu nyingi zaidi inayoukaza msuli. Ukweli kwamba moyo haupigi bila kalsiamu uligunduliwa kwa kosa la kibarua. Sydney Ringer, daktari wa London, alitangaza mwaka 1882 kwamba moyo wa chura huendelea kupiga katika maji yenye chumvi ya kawaida. Baadaye akabaini kwamba msaidizi wake alikuwa akitumia maji ya bomba badala ya maji yaliyotoneshwa. Alipotumia maji safi kabisa, moyo ukasimama. Maji ya bomba ya London yalikuwa na chokaa. Ringer hakulificha kosa. Mwaka 1883 aliandika upya, akaeleza kilichotokea, na jina lake likabaki kwenye chupa za dripu hadi leo. Kwangu hii ni mojawapo ya kurasa zenye heshima kubwa katika historia ya tiba.

Urefu wa wimbi hilo una faida. Muda wote umeme unapokuwa juu, vizibo vya sodiamu vimefunga, kwa hiyo pigo jipya haliwezi kuanza kabla la kwanza halijaisha. Msuli wa mguu unaweza kukazwa mfululizo mpaka ukashikwa na mkakamao. Moyo ukifanya hivyo hata kwa dakika chache mtu amekufa. Lakini kushikilia umeme juu kwa muda mrefu kungegharimu mno kama potasiamu ingekuwa inamwagika nje muda wote huo. Denis Noble, akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu jijini London, alilikabili jambo hili mwaka 1960. Alichukua hesabu ambazo Alan Hodgkin na Andrew Huxley walizitunga mwaka 1952 kwa neva ya ngisi, akaongeza mfereji wa potasiamu unaojifunga utando unapopanda, akaomba nafasi kwenye kompyuta ya chuo kikuu, nafasi ambayo mtu asiyejulikana hupewa usiku wa manane. Hesabu zikachora pigo la moyo. Mfereji ule ulikuwa wa kweli: seli hufunga milango mingi ya potasiamu wakati wa pigo, ikabakiza mikondo midogo ya kuingia na kutoka ikikaribiana. Uchumi huu ni wa busara, lakini una hatari yake. Pale ambapo mikondo miwili mikubwa inapingana, kupungua kidogo kwa mmoja hakuonekani. Pale ambapo mikondo ni miembamba, upungufu mdogo hubadilisha kila kitu.

Moyo unaachana na neva hata katika mfereji wa sodiamu wenyewe. Wavuvi wa mwambao wanamjua bunju, samaki anayejijaza upepo akatuna kama mpira, na wanajua kwamba hafai kuliwa ovyo. East African Medical Journal lilichapisha mwaka 1967 kisa cha mvuvi wa Zanzibar aliyekufa kwa sumu yake. Sumu hiyo, tetrodotoksini, huziba mdomo wa mfereji wa sodiamu. Mtu angetarajia moyo uwe wa kwanza kusimama. Haiwi hivyo. Ganzi huanza midomoni, viungo hulegea, na mgonjwa hufa kwa sababu misuli ya kupumulia imekatiwa neva, hali moyo bado unapiga. Mfereji wa sodiamu wa moyo si ule wa neva. Katika mdomo wake kiungo kimoja cha protini ni tofauti, na tofauti hiyo peke yake huufanya ustahimili sumu mara mamia zaidi. Kwa hiyo aliyekula bunju akiwahishwa mahali penye mashine ya kumpumulia, anaweza kupona. Habari hii ingefaa ijulikane katika kila bandari ya uvuvi.

Kuhusu kinachoanzisha pigo lenyewe nitasema kwa ufupi. Kwenye atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, kuna fundo dogo la seli ambazo haziwezi kutulia. Zikishuka tu kuwa hasi, mifereji fulani hufunguka na kuzipandisha tena. Mifereji mingine hufunguka umeme unapopanda. Hii hufunguka unaposhuka, na kwa kioja hicho Dario DiFrancesco na wenzake huko Oxford, walioueleza mkondo wake mwaka 1979, waliuita mkondo wa ajabu. Adrenalini huuharakisha, na mapigo hukimbia.

Kisha kuna kurudi chini, na habari nzito zaidi iko hapa. Ili pigo liishe ni lazima potasiamu itoke na kuirudisha seli kwenye hasi 90. Mifereji miwili hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mmoja huamka polepole na husaidia zaidi moyo unapokimbia. Mwingine huitwa hERG, jina lenye historia ya ajabu: nzi wadogo wa matunda waliokuwa na hitilafu katika jeni ya jamii hii walitikisa miguu walipovutishwa etha, na mtafiti akakumbuka ngoma ya go-go ya miaka ya sitini. Mfereji wa hERG una chumba kipana ndani ya tundu lake, na kuta za chumba hicho zina viungo ambavyo molekuli nyingi za dawa hupenda kunasa. Dawa za mzio zimo, na za magonjwa ya akili, za bakteria, za kuzuia kutapika, za malaria. Dawa ikinasa, potasiamu hutoka kwa shida, pigo hurefuka, na kwenye ECG umbali kutoka Q hadi mwisho wa T, yaani QT, huongezeka. Pigo likirefuka mno, mifereji ya kalsiamu hupata muda wa kufunguka mara ya pili, na kutoka hapo huzuka mapigo ya haraka yanayozunguka ncha zake kwenye karatasi. François Dessertenne aliyaeleza mwaka 1966 na kuyapa jina la Kifaransa linalotumika duniani kote, torsades de pointes. Mara nyingine hujikata yenyewe na mgonjwa huamka kutoka kuzimia. Mara nyingine hayajikati.

Kwinini ndiyo iliyofungua mlango huu kwa tiba. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Karel Wenckebach alitembelewa na mfanyabiashara wa Kiholanzi aliyekuwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Mtu huyo alimwambia kwamba anaweza kuyarekebisha mwenyewe, kesho asubuhi ukitaka, na kesho yake akarudi na mapigo yaliyonyooka. Alikuwa amemeza kwinini, aliyoizoea kwa ajili ya malaria. Mwaka 1918 Walter Frey alionyesha kwamba kwinidini, ndugu pacha wa kwinini kutoka magome yaleyale ya mti ambao Bukavu na vilima vya Kivu wanaulima hadi leo, ina nguvu zaidi. Ikapendwa. Wagonjwa wengine wakawa wanazimia ghafla, na ilichukua hadi mwaka 1964 kuthibitishwa kwamba kuzimia huko kulikuwa ni moyo wenyewe kuvurugika kwa sababu ya dawa iliyokusudiwa kuutuliza.

Halofantrini ilifuata njia hiyohiyo. Ilikuwa dawa ya malaria ya kutumainiwa, na ilirefusha QT waziwazi. Utafiti wa mpakani mwa Thailand uliochapishwa mwaka 1993 uliitia doa lisilofutika. Lumefantrini, iliyo ndani ya dawa mseto tunayoimeza sote, ni jamaa yake kikemikali lakini haina athari hiyo kwa kiwango cha kutia hofu. Nalisema hili kwa mkazo: anayeacha kumeza dawa mseto kwa kuogopa moyo anakimbia mvua na kuingia mtoni, maana malaria inaua watu wengi mno kulinganisha.

Lakini kisa kilichobadilisha sheria za dawa duniani ni cha kidonge cha mafua ya mzio, terfenadini. Mamilioni walikimeza bila shida. Wachache walikufa, na wengi wa hao walikuwa wamekichanganya na ketokonazo au erithromisini, dawa zinazolizuia ini kuivunja terfenadini. Damu ikajaa dawa yenyewe badala ya mabaki yake salama, na hERG ikanaswa. Marekani iliondoa kidonge hicho sokoni mwaka 1998. Mabaki yale salama, feksofenadini, yakawa dawa badala yake. Tangu mwaka 2005 kuna mwongozo wa kimataifa unaotaka dawa mpya zipimwe dhidi ya QT kabla hazijaruhusiwa.

Daktari Dan Roden wa Marekani mwaka 1998 alilipa jambo hili wazo lililo rahisi kulishika. Moyo una njia kadhaa za kurudi chini, na njia moja ikizibwa nyingine hubeba. Ni akiba. Mtu mwenye akiba kamili anameza dawa inayogusa hERG na hakuna kinachoonekana. Akiba hupunguzwa kidogokidogo na vitu ambavyo kila kimoja peke yake si kitu: kuharisha kwa siku tatu hadi potasiamu ikashuka, dawa za kukojoza, mapigo ya polepole, moyo uliovimba, ini lililochoka, dawa ya pili, urithi. Kuwa mwanamke nako kumo, kwani baada ya kubalehe QT ya wanawake huwa ndefu kuliko ya wanaume, na takriban theluthi mbili ya waliopatwa na torsades kwa sababu ya dawa ni wanawake. Ajabu nyingine ni kwamba potasiamu ya damu ikiwa chache, mfereji wa hERG unafanya kazi kwa udhaifu zaidi, ingawa mtu angedhani kinyume. Kwa hiyo moyo una maadui pande zote mbili za potasiamu: ikizidi wimbi halikimbii, ikipungua wimbi haliishi. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti tunayowapa watoto wanaoharisha yana gramu moja na nusu ya potasiamu kloridi kwa lita, na haikuwekwa humo kwa bahati.

Urithi unatugusa sisi kwa namna ya pekee. Mwaka 2002 Igor Splawski na wenzake waliandika kuhusu badiliko moja katika jeni ya mfereji wa sodiamu wa moyo. Badiliko hilo linalegeza kizibo kile nilichokitaja kwa kiasi kidogo mno, sodiamu kidogo inaendelea kuvuja ndani, na kurudi chini kunachelewa kwa punje. Kati ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, takriban mmoja katika wanane analo. Walio wengi wataishi hadi uzee bila kulijua, kwani peke yake halidhuru. Lakini likikutana na potasiamu iliyoshuka na dawa inayonasa hERG, akiba inaweza kwisha. Kwa karibu kila jeni nyingine ya mifereji ya moyo, takwimu tulizonazo zimetoka Ulaya, Amerika na Japani. Daktari wa Mwanza au Bujumbura akipata jibu la kipimo cha jeni, analinganisha mgonjwa wake na watu ambao si ndugu zake.

Wapo pia waliozaliwa bila akiba. Mwaka 1957 Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen waliandika juu ya familia moja ya Norwei yenye watoto sita. Wanne walikuwa viziwi tangu kuzaliwa na walizimiazimia. Watatu kati yao walikufa ghafla wakiwa na umri wa miaka 4, 5 na 9. Sababu ilikuja kujulikana miaka arobaini baadaye: mfereji wa potasiamu unaoamka polepole moyoni ndio uleule unaojaza potasiamu katika maji ya sikio la ndani. Jeni moja imeharibika, masikio na moyo vikaathirika. Wenye nakala moja tu iliyoharibika husikia vizuri, lakini huzimia wakikimbia, na hasa wakiogelea. Walioathirika hERG huanguka kwa mshtuko wa sauti, kama kengele ya saa alfajiri. Walioathirika mfereji wa sodiamu huondoka usingizini. Mtoto wa namna hii akizimia akatetemeka, ataitwa mwenye kifafa. Hilo limetokea hata katika hospitali kubwa za Ulaya, sembuse kwetu, ambako mtoto aliyezama akiwa muogeleaji hodari hutafutiwa mkono wa mtu au wa jini. Wengi wao wangelindwa na propranolo au jamaa zake, dawa za bei nafuu zilizokuwepo tangu miaka ya sitini, kama tu mtu angewapima ECG mara moja.

Kujua milango si ruhusa ya kuifunga ovyo. Madaktari walijua kwamba mapigo ya ziada baada ya shambulio la moyo huashiria kifo, na walikuwa na dawa, flekainidi na enkainidi, zilizoyanyamazisha kwa kuziba mifereji ya sodiamu. Ilionekana wazi kwamba zinaokoa. Utafiti mkubwa wa Marekani ulipowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, matokeo ya mwaka 1989 yalishtua: waliopewa dawa walikufa zaidi ya mara mbili ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Karatasi za ECG zilikuwa zimetulia, wagonjwa walikuwa wanakufa. Katika msuli wenye kovu, kupunguza kasi ya wimbi kulitengeneza njia za umeme kujizunguka wenyewe.

Sasa tazama kinachokutana katika mwili mmoja huku kwetu. Tangu Februari 2011 Muhimbili inawapa methadoni walioacha heroini, na methadoni hunasa hERG. Kifua kikuu sugu kinatibiwa kwa bedakwilini, pamoja na klofazimini na wakati mwingine moksifloksasini, na zote tatu hurefusha QT. Mgonjwa huyo anaweza kuwa na VVU, anaweza kuharisha, anaweza kupata malaria katikati ya matibabu, anaweza kununua erithromisini dukani bila cheti. Hakuna hata moja kati ya dawa hizo ya kuachwa. Bila bedakwilini wengi wangekufa kwa mapafu. Kinachotakiwa ni mtu wa kuhesabu akiba: kuuliza anameza nini kingine, kupima potasiamu na kuijaza ikiwa imepungua, na kurudia ECG kwa ratiba. Katika Hospitali ya Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, ambako wagonjwa wa kifua kikuu sugu kutoka nchi nzima wametibiwa, ECG ni sehemu ya dawa kama kidonge chenyewe. Karatasi yake imechorwa visanduku vidogo, kila kimoja milisekunde 40. Muuguzi anahesabu kutoka mwanzo wa Q hadi mkia wa T, anarekebisha kwa kasi ya mapigo, na ikipita milisekunde 500, yaani visanduku kumi na viwili na nusu, anamwita daktari kabla ya dozi inayofuata.